Mtoto na Viungo vya Mnyama

Katika shule nyingi za watoto wadogo somo la viungo vya wanyama hufundishwa kwa njia moja tu. Mwalimu hutundika picha ya ng'ombe ukutani, huonyesha kwa fimbo, na watoto huitikia kwa sauti moja: kichwa, pembe, shingo, mgongo, mkia. Baada ya siku chache watoto wote wameyashika majina hayo, na mwalimu huandika katika daftari lake ya kuwa somo limekwisha. Walakini mtoto yule yule akiulizwa ng'ombe ana mkia wa nini, hunyamaza, au hujibu, "Kwa sababu ni ng'ombe." Na huenda nje ya dirisha, hatua ishirini tu kutoka pale alipoketi, yuko ng'ombe wa kweli aliyefungwa kwa kamba, anafukuza nzi kwa mkia huo huo.

Kujua jina la kiungo ni jambo jema, lakini ni mlango tu wa elimu. Elimu yenyewe imo katika maswali mawili yanayofuata: kiungo hiki kinamfanyia mnyama kazi gani, na angepata taabu gani kama asingekuwa nacho? Mtoto wa miaka mitano aweza kuyajibu maswali hayo vizuri, maadamu anaonyeshwa mnyama mwenyewe na kupewa nafasi ya kumtazama bila kuharakishwa.

Wala hili si jambo la kuwachangamsha watoto tu. Katika sehemu nyingi za Kenya mtoto huanza kuchunga mbuzi na kondoo, na baadaye ndama, angali mdogo, saa asizokuwa shuleni. Baba yuko kazini, mama yuko shambani. Mchungaji huyo mdogo ndiye amwonaye mnyama kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine ye yote nyumbani. Kama anajua ng'ombe mzima hutumiaje kinywa chake, masikio yake na kwato zake, basi siku kiungo kimoja kitakapoacha kufanya kazi yake, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutambua. Kama anajua majina tu, atarudi nyumbani jioni na kusema kwamba wote wamerudi salama.

KUANZA NA MWILI WA MTOTO

Mwalimu hodari haanzi na mnyama. Huanza na mtoto mwenyewe, kwa kuwa mwili wake anao siku zote. Mtoto na afungwe kidole gumba kwa kitambaa, kikazwe kwenye kiganja, kisha aambiwe aokote punje ya mahindi iliyo juu ya meza. Atahangaika, na wenzake watacheka. Ndipo atakapofahamu kazi ya kidole gumba, na hatasahau. Baada ya hapo mwalimu na aulize: je, kuku hana mikono wala vidole gumba, yeye huokotaje punje hiyo hiyo? Watoto watapiga kelele wote pamoja kwamba huokota kwa mdomo. Hapo somo la wanyama limekwisha kuanza, na hakuna aliyekaririshwa kitu.

Kadhalika mtoto azibe pua na kunusishwa ganda la chungwa. Afunge macho na kusikiliza mwenzake anatembea upande gani. Mambo haya hayana gharama yo yote, na yafaa hata katika shule isiyo na kitabu hata kimoja.

KINYWA CHA NG'OMBE

Hakuna kiungo chenye mafunzo mengi kwa mtoto wa shamba kama kinywa cha ng'ombe, wala hakuna ambacho watu wamekiona mara nyingi bila kukitazama. Mtoto akiombwa achore kinywa cha ng'ombe, karibu kila mara atachora meno ya mbele juu na chini, kama ya mtu. Hata watu wazima wengi hufanya kosa hilo. Ukweli ni kwamba ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Anayo manane katika taya la chini, na mahali pa yale ya juu pana ufizi mgumu tu. Meno ya magego anayo juu na chini, huko ndani, ya kusagia.

Basi hukataje majani? Hapo ndipo mtoto apelekwe malishoni achuchumae na kutazama. Ataona ulimi mrefu unatoka, unazungushwa kwenye fungu la majani, unayavuta ndani; kisha ng'ombe huyabana majani kati ya meno ya chini na ule ufizi, na kuyang'oa kwa kutupa kichwa kidogo. Ulimi wa ng'ombe ndio mkono wake. Mtoto aliyewahi kulambwa na ndama anajua ya kuwa ulimi huo una ukali kama tupa ya seremala. Sasa amejua pia sababu ya ukali huo, kwani majani yangeteleza kwenye ulimi laini.

Kwa kuwa ng'ombe huvuta majani kwa ulimi, majani mafupi sana humshinda. Kondoo hali hivyo. Mdomo wake wa juu ni mwembamba na umegawanyika katikati, naye huweza kufikisha meno karibu na udongo na kula majani mafupi ambayo ng'ombe ameyaacha. Mbuzi naye ana midomo myepesi inayochezacheza, huchagua jani moja moja kati ya miiba ya mgunga bila kuchomwa, tena husimama kwa miguu ya nyuma ili kufikia matawi ya juu. Wanyama watatu katika malisho mamoja, na kila mmoja ana chakula chake kwa sababu ya mdomo wake. Wazee waliofuga aina zote tatu pamoja walilijua jambo hili tangu zamani. Kondoo wakiachwa mahali pamoja siku nyingi mno, huila nyasi mpaka shinani, na mvua ikinyesha udongo huchukuliwa na maji. Kwa hiyo hata elimu ya kutunza ardhi yaweza kuanzia kwenye mdomo wa kondoo.

Jambo moja zaidi juu ya meno huwapendeza watoto wa miaka sita na saba kuliko yote. Wao wenyewe wakati huo wanang'oka meno ya utotoni. Ndama naye huzaliwa na meno ya utotoni au huyapata mapema sana, na baadaye huyabadilisha jozi kwa jozi: jozi ya kati hubadilika afikapo karibu miaka 2, na kufikia miaka 4 au 5 yote manane ya mbele huwa yamekwisha kuwa ya ukubwani. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara sokoni humfungua ng'ombe kinywa kabla ya kufungua mfuko wa fedha. Muuzaji aweza kusema lo lote juu ya umri wa ng'ombe wake, lakini meno hayasemi uongo. Kazi ya kufungua kinywa ni ya mtu mzima mwenye kumjua mnyama. Watoto watazame tu.

TUMBO LILILO UPANDE WA KUSHOTO

Ng'ombe akilala kivulini huonekana anatafuna, hali hapana majani mbele yake. Watoto wengi wameona hivyo, wachache wameuliza. Anacheua. Alipokuwa malishoni alimeza haraka haraka, na majani yakaingia katika tumbo la kwanza, lililo kubwa mno. Katika ng'ombe mkubwa tumbo hilo huweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo mnaishi vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoyavunja majani makavu ambayo tumbo la mtu lingeshindwa nayo. Kisha ng'ombe huyarudisha kinywani kidogo kidogo ili kuyasaga vizuri. Tumbo lake lina sehemu nne. Mtoto aliyekuwapo ng'ombe alipochinjwa amekwisha kuziona: ile kubwa yenye vinyweleo kama taulo, ile iliyo kama nyavu, ile yenye kurasa nyingi kama kitabu, na ile ya nne iliyo laini, ambayo kazi yake yafanana na ya tumbo la mtu.

Tumbo kubwa liko upande wa kushoto. Mtu mzima akimshika ng'ombe mpole, mtoto aweza kutega sikio lake ubavuni upande huo, nyuma ya mbavu. Atasikia mngurumo wa taratibu kama radi ya mbali, mara moja au mbili kila dakika. Kufuata mngurumo huo ni furaha kubwa kwa mtoto, na faida yake ni kubwa pia. Mnyama aliyekula majani mabichi yenye umande kupita kiasi, hasa ya jamii ya kunde, huweza kujaa hewa tumboni. Ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma, naye huweza kufa kwa muda mfupi kwa kukosa pumzi. Mchungaji anayejua tumbo liko upande gani atautazama upande huo na kupiga mbio kumwita mkubwa wake.

Na katika miji na masoko kuna adui mwingine wa tumbo hilo, nayo ni mifuko ya plastiki. Ng'ombe na mbuzi huimeza pamoja na maganda ya matunda. Majani huvunjwa tumboni, plastiki haivunjwi. Hukaa humo ikijifunga kama mpira mpaka mnyama hana nafasi ya chakula, naye hukonda ingawa anakula. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine zingali zikitupwa njiani. Mtoto aliyefundishwa habari za tumbo la kwanza haelezwi mara mbili kwa nini taka hizo ziokotwe.

KUKU ASIYE NA MENO

Kwa watoto wa mjini na wa shamba sawasawa, kuku ndiye mnyama aliye karibu kuliko wote. Hana meno, na chakula chake ni punje ngumu. Anazisagia wapi?

Jibu la swali hili lisitolewe kwa maneno. Lingojee siku ya wageni, kuku anapochinjwa. Mama au mwalimu na aipasue firigisi mbele ya watoto, wataona ndani yake mawe madogo na mchanga. Ukuta wa firigisi ni nyama ngumu yenye nguvu. Hubana na kulegea, na mawe yale huzisaga punje kama jiwe la kusagia la bibi. Kuku anayedona changarawe uani hakukosea chakula; anatafuta meno. Kwa hiyo kuku wanaofugwa ndani na kulishwa nafaka nzima yafaa wawekewe changarawe kidogo. Katika nyumba nyingi za Magharibi ya Kenya firigisi huwekewa mwenye nyumba kwa heshima. Basi na aombwe asubiri kidogo mpaka somo limalizike.

Miguu ya kuku nayo ina siri. Watoto huuliza kwa nini kuku aliyelala juu ya kijiti haanguki. Katika mguu wake mna mishipa migumu mfano wa kamba, na anapokunja goti mishipa hiyo huvuta vidole vikajifunga kwenye kijiti vyenyewe. Uzito wake ndio unaomshikilia. Bata, kwa upande wake, ana ngozi kati ya vidole, naye hupiga maji kwa mguu kama kasia. Karibu na mkia ana tezi ya mafuta, hujipaka kwa mdomo, na maji huteleza juu ya manyoya yake. Kuonyesha jambo hili, mwalimu apake karatasi moja mafuta ya kupikia na kuiacha nyingine kavu, kisha adondoshe maji juu ya zote mbili.

WATOTO WA MJINI

Wazazi wa Nairobi na Mombasa husema mara kwa mara kwamba watoto wao hawana ng'ombe wa kutazama. Yawezekana, lakini wanakwenda sokoni. Mama anayenunua samaki Kisumu au Mombasa huinua kifuniko kilicho kando ya kichwa na kutazama matamvua kama yangali mekundu. Mtoto aliyeshikwa mkono na aonyeshwe. Matamvua ndiyo mapafu ya samaki: maji huingia kinywani na kutokea huko, na damu huchukua hewa iliyo ndani ya maji. Wekundu ule ni damu. Yakiwa yamefifia na kuteleza kwa utando wenye harufu mbaya, samaki huyo hafai kununuliwa. Katika dakika moja mtoto amejifunza kazi ya kiungo na kuinusuru fedha ya mama yake.

Paka naye yuko kila mtaa. Sharubu zake humsaidia kupapasa njia gizani. Kucha zake huzificha anapotembea ili zisichakae. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu, kwa hiyo hutoa ulimi na kuhema ili apoe.

MAMBO YASEMWAYO BILA KUCHUNGUZWA

Iko hatari katika somo hili, nayo ni kwamba mwalimu huweza kurithisha makosa aliyoyarithi yeye. Watoto wengi huambiwa kuwa nundu ya ngamia ni pipa la maji. Wafugaji wa Wajir, Marsabit na Mandera wangecheka wakisikia. Nundu ni mafuta, akiba ya siku za njaa. Ngamia akikaa na njaa muda mrefu nundu yake hupungua na hata kulala upande. Maji huyanywa mengi kwa mara moja, zaidi ya lita 100 akiwa na kiu kali, na mwili wake huyatunza kwa uangalifu. Nyayo zake pana humzuia asizame mchangani, na pua zake huweza kufungwa upepo wa vumbi unapovuma.

Vile vile husemwa kwamba tembo hunywa kwa mkonga. Sivyo. Mkonga ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana. Tembo huvuta maji ndani yake, kisha huyamwaga kinywani. Mtoto wa tembo hajui kuutumia mkonga wake anapozaliwa. Huukanyaga, huutikisatikisa, naye hunywa maji kwa kupiga magoti na kutia kinywa mtoni, mpaka ajifunze kwa kuwatazama wakubwa. Watoto wa shule wakisikia hayo huwa kana kwamba wamepata mwenzao.

Lakini aliyeonewa kuliko wote ni kinyonga. Katika makabila mengi huogopwa, na watoto humpiga mawe kwa kudhani ana sumu. Kinyonga hana sumu yo yote. Kila jicho lake hugeuka peke yake, moja likitazama mbele na jingine nyuma. Ulimi wake, akiutupa, huweza kuwa mrefu kuliko mwili wake, na una ncha inayonasa mdudu. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo ili kushika kijiti, na mkia wake ni kama mkono wa tano. Katika milima ya Kenya yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu. Mtoto na asimame mbali kidogo amwangalie akiwinda panzi kwenye ua; akishaona ulimi ule mara moja, jiwe litamwanguka mkononi.

DALILI AMBAZO MTOTO AWEZA KUZIONA

Mtoto akisha kujua kazi ya viungo katika mnyama mzima, na afundishwe jinsi vinavyoonekana katika mgonjwa. Si kazi yake kutibu. Kazi yake ni kuona na kusema.

Pua ya ng'ombe mzima huwa na unyevu. Masikio yake hayatulii. Kupe aletaye ndigana kali hupenda kujishika sikioni, na tezi iliyo chini ya sikio ni miongoni mwa za kwanza kuvimba; kwa hiyo ndama mwenye masikio yaliyolegea, tezi zilizovimba na pumzi za haraka ni ndama wa kupelekewa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo ya ugonjwa huo ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, nayo imeokoa ndama wengi Afrika ya Mashariki. Ng'ombe anayedondosha mate mengi na kuchechemea, labda ana vidonda ulimini na kati ya kwato: huo huweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huenea upesi kundi zima. Mbuzi aliyeacha kucheua kutwa nzima ana neno.

Makatazo ni mawili, nayo yasemwe waziwazi. Mnyama aliyekufa ghafula asiguswe wala kupasuliwa na mtoto, hata kwa ajili ya somo, maana huenda amekufa kwa kimeta, ugonjwa unaompata mtu pia. Na mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate na taya lake likining'inia, akimbiwe. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akapate sindano, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huzuilika kabla ya dalili. Zikisha kutokea, karibu hapana anayepona.

Baada ya kushika wanyama, mikono huoshwa.

KUPIMA KAMA WATOTO WAMEELEWA

Mtihani wa majina hauna faida kubwa kwa watoto wa umri huu. Njia iliyo bora ni mwalimu kuchora mnyama aliyekosa kiungo kimoja, ng'ombe bila mkia au kuku bila kucha, na kuwauliza watoto maisha ya mnyama huyo yatakuwaje. Njia nyingine ni kitendawili cha kujitungia. Mwalimu huanza, "Nina meno chini, juu sina, na majani yote yangu," na kesho yake watoto humletea vya kwao, vingine vizuri kuliko chake.

Au watoto wapewe karatasi na kuambiwa wachore mnyama wa kubuni, kisha kila mmoja aeleze mnyama wake anaishi wapi na kula nini. Mtoto akichora ng'ombe mwenye miguu ya bata, mwalimu asimcheke wala asifute. Na amwulize ng'ombe huyo atapandaje mlima wenye mawe. Na mtoto akijibu kwamba ng'ombe wake hapandi mlima, anaishi kandokando ya Ziwa Victoria na kula mafunjo, apewe alama zote.